Taa za Bi Sihaba

Anayetaka habari za ushujaa akatafute kwingine. Hii ni habari ya aibu, na mwenye aibu yake ni Hemedi Kibwana, mtu wa mtaani kwetu, ambaye mpaka leo ukimtajia nchi ya Stara hukohoa kidogo akauliza kama chai imeiva. Nimeipata kwake vipande vipande, na vingine ilibidi nimbane. Sijaongeza kitu. Nilichopunguza ni matusi, na yote alikuwa akijitukana mwenyewe.

Namna alivyofika Stara tusiipotezee muda. Alikwenda kununua gari, kwa sababu magari ya Stara huuzwa na dhamana ya maisha: kikiharibika chochote, tangu taa mpaka bomba la moshi, kampuni ndiyo inayobeba mzigo. Na Hemedi alihitaji gari la kuaminika kuliko alivyohitaji usingizi. Mkewe Saumu alikuwa na mimba kubwa. Mimba iliyotangulia iliharibika njiani, juu ya mkokoteni wa kukodi, Hemedi akiusukuma kwa nyuma huku analia. Safari hii alimwahidi mkewe kwamba uchungu ukianza gari litakuwa mlangoni, naye yuko nyuma ya usukani. Ahadi hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Basi, Stara ni nchi safi, na watu wake wana adabu mpaka inachosha. Wakiamkiana hawatazamani usoni. Wanatazama juu kidogo ya bega, wasije wakaona chunusi. Siku ya kwanza Hemedi alikaribishwa chai na mwenye duka la vitambaa. Paa lilikuwa linavuja. Tone lilimdondokea mwenyeji kwenye kipara, likateremka mpaka puani, na mwenyeji akaendelea kuisifu iliki. Wageni nao wakaisifu iliki. Hemedi alipofungua mdomo aseme habari za paa, mtu aliyekaa kando yake akamkanyaga mguu, na hakumkanyaga kidogo.

Hospitalini mambo ni hayo hayo. Mgonjwa haulizwi anaumwa wapi, wala mwenyewe hasemi. Daktari anakaa huku, mgonjwa anakaa kule, wanaulizana habari za watoto, kila mmoja akingoja mwenzake ateleze. Wanaopona husifiwa kwa subira yao. Wasiopona pia.

Haya yote yanatokana na sheria moja, fupi, iliyochongwa juu ya mlango wa kila ofisi: kasoro ni mali ya jicho lililoiona kwanza. Wenyewe wanaieleza bila kuona haya. Zamani, wanasema, nchi ilikuwa haikaliki kwa lawama. Kila mtu aliona ufa wa jirani akapiga kelele, na hapakuwa na wa kuuziba. Ndipo wakubwa wakakata shauri kwamba atakayeuona ufa ndiye mwenye ufa. Kelele zikakoma palepale. Na nyufa je? Hakuna aliyeuliza, maana kuuliza ni kuona.

Hemedi alinunua gari lake, la kijani, linang'aa, akapata chumba cha kupanga kwa mjane mmoja aitwaye Bi Sihaba huku akingoja karatasi za kuvukia mpaka. Bi Sihaba alikuwa mkunga. Alikuwa na kigari chake kidogo, kikuukuu, ila taa zake zilikuwa safi ajabu. Kila jioni alizifuta kwa upindo wa kanga. Wanawake wa milimani walizaa wakati wowote, ukungu uwepo usiwepo, naye akiitwa alikwenda. Alimlisha Hemedi vizuri, akamwita mwanangu, na alipojua habari za Saumu akawa anamuuliza kila siku, "Mkeo anakula? Miguu haijamvimba?"

Mvua za rasharasha zikaanza. Jioni moja Bi Sihaba akamwambia, akitazama juu ya bega lake, "Mwanangu, leo usifunge boneti. Iache wazi kidogo, kalale."

Hemedi akashtuka. Aache boneti wazi? Gari jipya? Akaifunga, akaegemeza jiwe kwenye gurudumu, akalala na ufunguo chini ya mto. Jioni iliyofuata akaambiwa tena, akafunga tena, na safari hii akaamka usiku kwenda kuangalia kama betri bado ipo. Ndiyo, ndugu zangu. Mama wa watu amempikia wali wa nazi, yeye anakwenda kuangalia betri.

Karatasi zikatoka. Asubuhi ya kuondoka, Hemedi ameshawasha gari, Bi Sihaba akaja akasimama mbele yake, mikono ameifumbata kifuani. Njia ya kurudi kwetu inapita Mlima Shuka, ulioitwa hivyo kwa ukungu wake. Kwenye geti la mpakani hakuna askari wa kukagua magari, kwa kuwa askari angeona. Chini ya kona kali, bondeni, kuna magari mengi, na hakuna hata moja lililowahi kuonwa na mtu.

"Zima gari, mwanangu," Bi Sihaba alisema. Halafu akamtazama usoni, jambo ambalo halifanyiki kule. "Taa zako zina maji. Juu ya mlima hazitamulika hata mguu wako. Na mimi sikukuambia."

Hemedi akashuka. Gari jipya mtu hutazama rangi, hatazami taa. Alipoinama ndipo akaona: maji yamefika nusu ya kioo, taa zote mbili, na ndani yake viluwiluwi wanachezacheza raha mustarehe.

"Ndiyo maana nilikwambia uache boneti wazi," Bi Sihaba alisema kwa sauti ya chini. Akamweleza jambo ambalo wageni hawaambiwi. Watu wa Stara nao wanaishi, wana watoto wa kulea. Jirani akijua paa lako linavuja, anangoja umetoka, anapanda analiziba, anashuka, basi. Unarudi unakuta pakavu. Hasemi, husemi. Ndiyo maana kila mtu huacha mlango wazi kidogo, na ndiyo maana nchi haijaanguka. "Kuna fundi hapa nyuma, angekuja angeweka mpira mpya wa kuziba taa, akakausha, ungeamka umepona. Iache wazi leo, utaondoka kesho."

Laiti angeiacha! Lakini Hemedi alikuwa ameshapandwa na haki yake kichwani. Kitu chake kitengenezwe kwa kunyatia, kama kinaibwa, na huku ana dhamana ya maisha? Alijiona mtu mwenye msimamo. "Mama," alisema, "mimi nina dhamana. Ngoja niende mchana kweupe, nikadai." Bi Sihaba akaingia ndani. Hakuwa na la kusema lisilokuwa kosa.

Katika Ofisi ya Dhamana alipokewa na Bwana Stahamala, mtu wa sauti laini mwenye leso nyeupe. "Karibu, ndugu mgeni," alisema. "Umeleta nini kisicho tatizo?"

"Taa za gari langu zina maji."

Makarani wote wakatazama dari. Bwana Stahamala akajipangusa midomo. "Hayo si maji. Ni pumzi. Taa zetu ni nzima, zinapumua. Taa isiyopumua, bwana, hiyo imekufa."

"Pumzi gani inafika nusu ya kioo? Ukikanyaga breki inamwagika upande mmoja. Ina viluwiluwi."

"Viluwiluwi?" Bwana Stahamala aliinamisha kichwa kwa heshima. "Hongera. Taa yako ina uhai kuliko tulivyoahidi."

Hemedi akapiga meza. Hapo Bwana Stahamala akakubali, bila kukasirika, kwamba kwa ajili ya mazungumzo tu wayaite maji. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, nani aliyeyaona kwanza.

Nataka mjue kwamba siku ile Hemedi alikuwa bado mtu mzuri. Alikumbuka maneno ya Bi Sihaba, akajikaza, akasema, "Niliyaona mimi. Kwa macho yangu."

"Basi ni yako," Bwana Stahamala alisema, na akafurahi kweli, kama mtu aliyerudisha mkoba uliopotea. "Dhamana yetu inabeba kila kasoro isiyokuwa na mwenyewe. Hii ina mwenyewe, yuko mbele yangu, na amevaa shati zuri." Tangu kampuni ianze, alisema, dhamana haijawahi kukataliwa hata mara moja. Haijawahi kupata kasoro isiyokuwa na mwenyewe, basi.

Hemedi akakata rufaa kwa Baraza. Na baada ya hapo mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu kasoro iliyotajwa ofisini haiguswi tena na fundi. Akiigusa amekiri kuiona. Jioni ile Hemedi aliacha boneti wazi kabisa, akaiegemeza na kijiti. Asubuhi aliikuta vilevile, na viluwiluwi wamekua.

Baraza lilikaa chini ya feni iliyokatika panga moja. Mjumbe mnene alisema maji yaliyoingia bila kualikwa ni mgeni, na mgeni hafukuzwi. Mjumbe mwembamba akapinga: si mgeni, ni mwenyeji, kwa kuwa yeye alikuwa akipita hapo tangu dunia iumbwe na taa ndiyo iliyomkalia njiani. Walibishana kwa ufasaha mpaka chakula cha mchana, wakala pamoja kwa furaha. Hemedi alikaa kwenye benchi, hajui kama ameshinda au ameshindwa. Alikuwa ameshindwa.

Bwana Stahamala akamfuata nje, akamshika mkono. "Ndugu yangu, nakuonea huruma. Fikiri vizuri. Mgeni mwenye gari jipya hatazami taa. Hakuna mtu aliyekuambia?"

Hemedi akatazama viatu vyake.

"Ukimtaja, kasoro inamfuata mwenyewe, na wewe unapata taa kavu. Ni sheria, si hila."

"Atafanywa nini?"

"Hafanywi kitu. Anapewa tu kilicho chake."

Hemedi alirudi nyumbani amevimba uso kama aliyeng'atwa na nyuki. Bi Sihaba hakumuuliza. Alikuwa ametoka milimani, macho mekundu, ameacha pacha wawili hai na mama yao anakunywa uji. Alimpakulia Hemedi chakula akaenda kujinyoosha. Hemedi alikula chakula kile. Alinisisitizia hilo: kwamba alikula, na kilikuwa kitamu.

Kesho yake dereva wa lori kutoka kwetu akamletea salamu. "Shemeji anasema tumbo limeshuka. Anauliza, gari liko wapi?" Juu ya Mlima Shuka mawingu yalikuwa yameanza kukaa mchana kutwa. Masika yakishika, njia hufungwa mpaka yaishe. Hemedi alizunguka gari lake, akalipiga teke, akaliomba radhi. Akajiambia kwamba Bi Sihaba ni mtu wa hapa, atajua namna ya kujitoa. Akajiambia kwamba hatasema uongo wowote, atasema lililotokea tu, na kusema kweli hakujawahi kuwa dhambi. Mtu akitaka kufanya uchafu hukosi kumsikia anaisifu kweli.

Akaenda mbele ya Baraza akasema, "Aliyeyaona kwanza ni Bi Sihaba, mkunga. Yeye ndiye aliyeniambia."

Hapakuwa na aliyeshangilia. Mjumbe mnene aliinamisha kichwa. Mjumbe mwembamba akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti, akakaa huko muda mrefu. Hata Bwana Stahamala aliikunja leso yake akaitia mfukoni. Wote walikuwa na mama zao, wake zao, na nusu yao walidakwa na mikono ya Bi Sihaba walipozaliwa. Hemedi anasema siku ile aliona haya ya namna nyingine: waliona haya kwa niaba yake, na hawakuweza kusema, maana kusema ni kuona.

"Ni kweli tupu?" mwenyekiti aliuliza, kama anayemwachia mlango wazi kidogo.

Hemedi angeweza kutoka kwa mlango ule. Angesema amekosea, amesahau, jua lilikuwa kali. "Kweli tupu," alisema.

Hukumu ikatoka. Magari ya Stara yote ni ya kampuni moja, kifaa cha hili kinaingia kwenye lile. Taa zenye maji zikafungwe kwenye gari la Bi Sihaba, na zake zilizo kavu apewe mdai. Hemedi akasimama. "Mimi nilitaka kampuni ndiyo itoe taa."

"Kampuni haikuona," mwenyekiti alijibu. "Au umeona kasoro katika hukumu yetu? Ukiiona, hukumu inakuwa yako, na utaibeba wewe." Hemedi akakaa.

Fundi alikuja uani kwa Bi Sihaba alasiri ile ile, Bwana Stahamala akisimamia. Bi Sihaba aliwaletea viti na chai. Fundi alifungua skrubu kichwa chini, hatazami mtu, na Bi Sihaba akamshikia balbu zisidondoke. Zile taa alizokuwa akizifuta kila jioni zikaingia kwenye gari la kijani, zikakaa kama zilizaliwa nalo. Zile za maji zikaingia kwenye kigari chake. Fundi aliziwasha kujaribu. Zilitoa mwanga wa rangi ya chai ya maziwa, haukufika hata kwenye ua wa makuti.

Hemedi akamsogelea. "Mama," alisema, "nisamehe."

Bi Sihaba alitazama juu kidogo ya bega lake, kama anavyotazamwa mtu yeyote. "Nikusamehe nini, mwanangu? Mimi sijaona kitu."

Hapo ndipo Hemedi alipoielewa sheria ya Stara mpaka mwisho wake. Akimsamehe, ameliona kosa, na kosa litakuwa lake yeye Bi Sihaba. Hakukuwa na namna ya kusamehewa nchi nzima ile. Aliniambia alitamani Bi Sihaba amzabe kibao.

"Mkeo akianza uchungu," Bi Sihaba aliendelea, "usimlaze chali. Mwache atembee. Na usimsemeshe sana, wanaume mnapenda kuongea."

Hakuwa amemaliza, akaingia mtu anahema, viatu vimejaa tope. Alikuwa wa milimani. Mkewe ana uchungu tangu asubuhi, mtoto wa kwanza, na damu imeanza kutoka kabla ya wakati. Bi Sihaba hakuuliza mengi. Alichukua mkoba wake akapanda gari. Ukungu ulikuwa umeshaanza kuteremka juu ya mapaa, mweupe, mzito.

"Nitakutangulia, mama," Hemedi alisema. Yalimtoka tu. "Nikumulikie mpaka huko."

Bwana Stahamala akageuka. Hakuwa na ubaya usoni. "Umtangulie kwa nini, ndugu? Kuna kitu umekiona?"

Fundi akaacha kufunga mkoba wa spana. Yule mtu wa milimani akasimama mlango wa gari ameushika. Wote wanne wakangoja, wakitazama juu ya bega la Hemedi. Akisema ndiyo, taa za maji zinarudi kwake, na yeye haondoki Stara mpaka masika yaishe, na Saumu atajifungua bila gari mlangoni. Neno moja tu. Alimuona Saumu juu ya mkokoteni. Alimuona pia mwanamke asiyemjua, huko juu, amelala chali.

"Hapana," alisema. "Sijaona kitu."

"Safari njema, mwanangu," Bi Sihaba alisema, akaondoa gari.

Hemedi naye akaondoka nyuma yao kidogo. Penye njiapanda wao wakashika ya kulia, yeye ya kushoto, kuelekea Mlima Shuka. Taa zilikuwa nzuri. Alitaka ziwe mbaya, lakini zilikuwa nzuri. Zilipasua ukungu, akaliona kila jiwe la njia, kila kona, na ukingo wa bonde ulivyo karibu. Alikuwa anakwenda nyumbani. Angewahi.

Kwenye kona ya kwanza ya juu ukungu ulikuwa umeachia nafasi, na katika kioo cha nyuma akaona mlima wa pili, ule wa njia ya kulia, na kigari kinapanda. Kilikwenda kwa mwendo wa miguu, kwa sababu yule mtu alikuwa ameshuka, amevua shati lake jeupe, anatembea mbele ya gari akilipunga ili Bi Sihaba alifuate. Wakasimama. Shati likageuka huku na huku, kama mtu ameipoteza njia. Gari likasogea kidogo kuelekea kushoto, upande usiokuwa na mlima.

Hemedi akanyoosha mkono, akakigeuza kile kioo kikatazama dari.